Nesi na Mvua ya Kwanza

Nesi hakuwa na subira na mtu anayemwaga maji. Angekuvumilia ukiwa mlevi, mvivu, hata mwongo kidogo, lakini ukisukutua kinywa kwa kikombe kizima, hilo hakulisahau. "Kinywa chako kina ukubwa gani, Baba Rehema?" aliniuliza wiki ile ile niliyohamia jirani naye. Nilicheka nikidhani ni utani. Akanitazama mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

Niseme mapema kwa asiyekujua kwetu. Huku juu uwandani, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli kutoka Newala mjini, hakuna mto wala kijito. Udongo ni mchanga mwekundu, mvua ikinyesha inazama hapo hapo. Chemchemi ziko bondeni, chini ya mteremko, ambako bibi zetu walishuka alfajiri na kurudi jua likiwa utosini. Maji ya bomba yapo, nayo huja yakipenda. Basi kila mwenye nyumba ya bati hujenga kisima cha saruji uani, cha kupokea maji yanayotoka juu. Mvua inapiga bati, inaingia kwenye gata, inashuka na bomba mpaka kisimani, na hayo ndiyo unayokunywa kiangazi chote, miezi saba. Kila kisima kina mfuniko wa chuma na kufuli. Mtu anaweza kwenda shamba akaacha mlango wa nyumba wazi, lakini ufunguo wa kisima anakwenda nao. Wa Nesi ulikaa kwenye pindo la khanga, umefungwa fundo ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyejua kulifungua.

Alikuwa amestaafu kazi ya zahanati miaka mingi kabla sijamjua, na jina la kazi likambakia. Shamba lilikuwa la marehemu mumewe: mikorosho, mbaazi, muhogo, mbuzi wanne, na nyumba ya vyumba vitatu. Mwanawe wa pekee alikuwa mfanyabiashara mjini Masasi, na alikwisha kuchoka kusikia kwamba mama yake anaishi peke yake huku juu anahangaikia maji. Mwaka ninaousimulia alimpa kiangazi kimoja. "Nikija Desemba nikakuta kisima hakina maji, Mama, tunashuka wote," alisema mbele yangu, kwa heshima lakini bila kucheka. "Nitakuandalia chumba kizuri kwangu. Huku basi."

"Utayakuta," Nesi akamjibu.

Jambo lilikuwa hilo tu: maji yakiwepo, Nesi anabaki kwake. Yasipokuwepo, anaondoka. Nawaomba mlishike tangu sasa, maana mimi ndiye niliyeliharibu.

Mimi nilikuwa mkulima wa simu. Duka langu la vifaa vya simu pale Masasi lilipokufa, nilikaa miezi mitatu nikitazama video za watu waliorudi shamba wakanawiri: mtu anashika nyanya kubwa huku anacheka, kuku mia wanamkimbilia miguuni. Nikamwambia mke wangu, Mama Rehema, sisi pia tunaweza. Tukapanda huku na watoto wawili, magodoro, na daftari langu lenye mchoro wa banda. Mchwa walikula nguzo za lile banda kabla sijaliezeka. Nesi alikuja akazigusa, zikavunjika mkononi mwake. "Hukuzichoma miguu," akasema. "Ungezichoma moto chini, ukazipaka oili chafu, wangetafuta mjinga mwingine."

Alisema hivyo kila mara, na kila mara alikuwa sahihi, na hilo lilinikera. Kuku wangu walipokufa, thelathini na moja kwa siku nne, nilikuwa nimewapa kitunguu saumu na pilipili kama nilivyoona kwenye video. Nesi alimwinua mmoja kwa miguu, akamfunua jicho kwa kidole gumba kama alivyozoea kuwafunua wagonjwa. "Kideri," akasema. "Huyu amekufa na afya nzuri ya tumbo." Wa kwake walikuwa wazima. Aliwatia chanjo mwenyewe, tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu, na aliwaandika kwenye kadi za kliniki za zamani. Kuku walikuwa na kadi! Jogoo wake mkubwa alikuwa na kadi ya mama mjamzito, kwa sababu ndiyo zilizokuwa zimebaki.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa mpango katika kila kitu. Aliyekuwa akihubiri mapafu kwa wavuta sigara alinusa ugoro mchana kutwa, na ukimkumbusha alisema pua siyo pafu. Jumapili alitembea mpaka kanisani na viatu mkononi ili visichakae, akavivaa mlangoni, na mahubiri yakirefuka alisinzia waziwazi. Aliwatukana wezi wa korosho kwa majina ya magonjwa. Mwizi mmoja aliyemshika na gunia alimwita kichocho, kisha akamfunga jeraha la mguu kabla ya kumpeleka kwa mwenyekiti.

Na maji? Mtu akipita akaomba, alipiga kelele nusu kijiji kikasikia. "Sina! Sina hata ya kulia! Mnadhani mimi ni bonde?" Huku anapiga kelele hivyo, mkono unafungua fundo la khanga, kufuli linafunguka, ndoo inashuka. Uliondoka na maji yako na matusi yako. Ukirudi mara ya tatu alisema, "Lete basi na muhogo," na ukileta muhogo alikukaribisha mle wote.

Hakupima kisima kwa mita wala kwa lita. Alikuwa na ufito aliouzamisha kila asubuhi, akauinua, akausimamisha kando ya mwili wake mwenyewe. Mwezi wa tano alisema, "Leo kipo kichwani." Mwezi wa saba kilikuwa kifuani. Ukimsikia anasema kimefika magotini, ulijua kwamba hapo maji yaliyosafisha mchicha yatawanywesha mbuzi, na maji aliyoogea yatakwenda kwenye mnyanya, na hakuna mtu atakayefua shuka mpaka mvua. "Maji hayaendi likizo," alisema.

Kisima changu mimi kilikuwa cha fundi wa bei rahisi, mchanga mwingi saruji kidogo. Kilipasuka. Mwisho wa mwezi wa saba nilishusha ndoo nikasikia inagonga sakafu, na nikakaa chini pale pale. Guta la kuuza maji lilipita mara moja kwa wiki, wiki nyingine halikupita, na mfukoni sikuwa na kitu. Rehema, mwanangu wa miaka sita, alianza kuomba maji kwa sauti ndogo, sauti ya mtoto aliyejifunza kutosumbua. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia. Sikuwa nimelia hivyo tangu mazishi ya baba yangu.

Nesi hakuniuliza. Kesho yake, jua halijatoka, aligonga ukuta wetu kwa ufito wake. "Mama Rehema, lete ndoo mbili. Pita nyuma ya banda la mbuzi. Na mwanangu asijue, hata kwa bahati mbaya." Kuanzia siku hiyo, ndoo mbili kila asubuhi, mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi. Mke wangu alikuwa akirudi na maji kichwani huku machozi yanamtoka kwa aibu. Na mimi niliuona ule ufito ukishuka haraka kuliko ilivyopasa: kiunoni, mapajani, magotini. Alikuwa akiinywesha nyumba yangu kwa gharama ya makazi yake, alijua, na mimi nilijua.

"Mama, sisi tutashuka Masasi," nilimwambia siku moja. "Tunakumalizia."

"Shuka. Lakini ukifika huko usiseme ardhi ilikukataa. Sema maji yalikushinda. Ardhi haina kosa." Kisha akanusa ugoro wake, akapiga chafya. "Kipo magotini bado. Ninaijua mvua ya huku, mimi na yeye tumezeeka pamoja. Fundi wako atafute saruji ya kweli kwa pesa yake, azibe ule ufa, nami nitamsimamia."

Akamsimamia kweli. Alikaa kwenye kigoda kwenye ukingo wa kisima changu kikavu, fundi yuko ndani, na kila karai la mchanga lilipita mbele ya macho yake.

Sasa nieleze kuhusu mvua ya kwanza, maana hapo ndipo penyewe.

Mikorosho inapochanua, kila mwenye shamba huipulizia salfa ili maua yasiliwe na ubwiri, ule ukungu mweupe. Wiki nzima uwanda unavuma mashine za mgongoni, na lile vumbi la manjano linatua popote: kwenye majani, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye bati. Linakaa juu ya bati miezi mitatu, minne, pamoja na mavi ya ndege na mijusi iliyokauka. Kwa hiyo masika yakiisha Nesi alilichomoa bomba linaloingia kisimani na kulitundika jikoni. Mvua ya kwanza ikija aliiacha imwagike chini, yote, hata kama kisima ni kikavu. "Ya kwanza inaogesha bati," alisema. "Ya pili inaogesha gata. Ya tatu ndiyo yetu." Nimesikia kwamba mwanawe, alipokuwa mdogo, aliwahi kuunga bomba kwenye mvua ya kwanza na akachapwa mpaka shangazi yake akaingilia.

Mwezi wa kumi na moja kisima cha Nesi kilifika vifundoni. Hayo machache aliyapigia hesabu ya kumfikisha mvua ya tatu, na yalitosha. Ndipo habari ya msiba ikaja kutoka Chiungutwa, amekufa mtu aliyefanya naye kazi miaka mingi. Hakuwa mtu wa kukosa maziko. Alifungua fundo la khanga, akanipa ufunguo mkononi. Hakuwahi kumpa mtu. "Mbuzi ndoo moja, nyinyi ndoo moja. Siku tatu narudi."

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, wingu lilisimama upande wa mteremko, jeusi hasa. Upepo ukaleta harufu ya mvua. Watoto wakatoka uwanjani wanapiga makofi. Mimi nilimtazama mke wangu, naye akajua ninachowaza.

"Nesi amesema ya kwanza hapana," akasema.

"Nani aliyemwambia zitakuwa tatu? Na ikiwa ni hii moja tu? Mwanawe anakuja baada ya siku chache, Mama Rehema! Akikuta pamekauka ni kwa ajili yetu sisi. Sisi ndio tulioyanywa."

"Nangu simo," akasema kwa lugha ya kwao, mimi simo, akaingia ndani.

Nikakimbia. Nikalitoa bomba jikoni kwa Nesi, nikaliunga. Mvua ikashuka kwa kishindo, na maji yakaanza kunguruma ndani ya kisima, na mimi nikasimama pale nimelowa chapachapa nikicheka peke yangu. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Nilijiona nimelipa deni la miezi mitatu. Kisima kilipanda mpaka magotini, magoti ya Nesi.

Asubuhi nilifungua mfuniko na harufu ya kiberiti ikanipiga usoni. Nilishusha ndoo. Maji yalikuwa na utando wa manjano, na mengine, sitayasema. Yale machache mazuri yaliyokuwa chini yalikwisha changanyika. Niliangalia juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu, na ilikaa hivyo siku ishirini.

Nesi aliporudi nilimngoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila ugonjwa anaoujua. Alichota kwa kiganja, akanusa, akayamimina. "Salfa," akasema, basi. Akavua viatu vya msibani, akaviweka juu ya kigoda, akajifunga khanga kiunoni. "Lete kamba. Tuyatoe yote, tukisugue. Ikija nyingine ikikute kisafi."

Tulikuwa kwenye kazi hiyo, mimi navuta, yeye anapokea ndoo na kumwaga kwenye shina la mkorosho, gari la mwanawe lilipoingia uwanjani. Alishuka akasimama. Mama yake, mwanamke aliyemfundisha kunywa kikombe mpaka tone la mwisho, alikuwa anamwaga maji chini.

"Shikamoo Mama. Unafanya nini?"

"Marahaba. Yameingia salfa."

"Imeingiaje?" Akatazama bomba, likiwa bado limeungwa. "Nani kaunga bomba mvua ya kwanza?"

"Mimi," Nesi akasema. "Nilisahau."

Yule bwana hakupandisha sauti. Angepandisha, tungepona. Alimsogelea mama yake polepole akamshika kiwiko, na sauti ikawa laini, sauti ambayo mtu humsemeshea mgonjwa. "Umesahau, Mama? Wewe? Umesahau mvua ya kwanza?"

"Uzee," akasema Nesi.

Nami nilikuwa na kamba mkononi. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Nilijua kwamba nikisema ni mimi, nitaulizwa ufunguo nimeupataje, na tutafika kwenye ndoo mbili za kila asubuhi, na mvua ikija hatutafunguliwa tena kile kisima, na watoto wangu watakunywa wapi? Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine iliyo nzuri zaidi. Niliinamisha kichwa nikavuta ndoo iliyofuata.

Waliondoka siku ya tatu. Mbuzi walipakiwa nyuma ya gari, kuku wakagawiwa na kadi zao. Tulichota bondeni mpaka mvua ikaja katikati ya Desemba, nzuri, ya kutulia, ya kwanza nikaiacha, ya pili nikaiacha, ya tatu ikaingia kisimani kwangu, na ule ufa alioufanyia kazi haukuvuja hata tone. Tukashukuru Mungu na tukanywa. Wenye hekima husema majuto ni mjukuu. Wangu alikwisha zaliwa, anatembea, na analala kwangu.

Ilinichukua miezi tisa kushuka Masasi. Nyumba ya mwanawe iko chini ya majabali, ina bomba uani na bomba jikoni. Nesi alikuwa kibarazani, amenenepa, amevaa gauni safi. Tukasalimiana. Alikuwa na akili zake zote. Aliniuliza Rehema yuko darasa la ngapi, na kama mchwa wamenihurumia. Katikati ya maneno mkwewe akatoka na kikombe na vidonge viwili kwenye kisosi. "Bibi, dawa. Nione umemeza." Nesi akameza, akafungua kinywa, aonyeshe. Mtu aliyegawa dawa wilaya nzima! Mkwewe akanigeukia akasema kwa wema wote kwamba hawamwachii jiko wala kiberiti, kwa vile anasahau.

Mwanawe alipotoka dukani nilisema. Nilisema kabla sijapewa chai, yote, bomba, ufunguo, ndoo mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipiga bega. "Wewe jirani mwema, Baba Rehema. Unamtetea. Nashukuru." Akaeleza kwamba yale mabati ya mama yake, niliyoyaona yakiezuliwa mwezi wa sita, amejengea vyumba vya kupangisha huko nyuma. Nyumba isiyo na paa huku kwetu haina maji.

Nesi alinisindikiza mpaka kwenye geti. Alitembea taratibu, mkono kwenye ukuta, na hapo akasimama.

"Siku ile nilisema ni mimi," akasema. "Nilijua utasema siyo."

Nikashika komeo la geti.

"Nilikuachia nafasi. Tulimwaga ndoo nne baada ya pale, nami nasubiri. Kila ukiinama kuvuta nilisema, sasa atainua kichwa."

"Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe siku nyingi." Hakusema kwa hasira. "Lakini ndoo nne, mwanangu."

Mkwewe aliita kutoka kibarazani kwamba jua ni kali, Bibi aingie ndani. Nesi akageuka, akaingia.